Safu ya Maoni

Prefe anataka karatasi iliyopigwa mistari,
safu nne: tarehe, somo, lengo, maoni.
Ya nne, amesema, iacheni tupu
mpaka somo lifundishwe.
Leo ni tarehe ishirini na nane Agosti. Kadutu haina umeme.
Nimeegemeza simu kwenye kopo la maziwa,
tochi yake inamulika mwaka ambao haujaja.

Septemba. Wiki ya kwanza: majina.
Wanafunzi hamsini na wawili, kitabu kimoja,
riwaya ya Kiingereza niliyoiokota sokoni Nyawera
kwa bei ya sahani mbili za sambaza,
jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia.
Ndani yake theluji inaanguka tangu ukurasa wa kwanza.
Mwaka jana nilimaliza siku tatu nikiieleza theluji:
ni kama unga wa muhogo, nikasema, ila baridi,
unashuka usiku kucha, unafunika njia na mapaa.
Nshokano akauliza, kwa adabu kabisa:
sasa kwa nini hao watu wana njaa?
Safu ya nne, mapema: anzia kwenye swali la Nshokano.

Oktoba. Insha, kila Alhamisi.
Hapana. Nafuta.
Insha haina Alhamisi, insha ni mali ya mvua.
Mvua ikishukia bati zetu
sauti yangu haifiki hata benchi la pili;
naandika sentensi moja ubaoni, naweka chaki chini,
na vichwa vyote vinainama.
Mwalimu wa hisabati huilaani mvua.
Mimi huihesabu.
Lengo: kuandika, kadiri itakavyonyesha.

Novemba. Nyakati za vitenzi.
Hapa nina deni.
Kuna wakati mmoja wa Kiingereza unaowashinda,
wa jambo lililopita na halijapita.
Niliwaambia, mbona mnao mdomoni tangu mnanyonya?
Aliondoka. Ameondoka.
Li hufunga mlango.
Me huuacha wazi, na upepo bado unaingia.
Cirhuza akainua mkono, biki sikioni:
Baba alikwenda Kamituga kuchimba dhahabu,
huu ni mwaka wa nne.
Mwalimu, niandike lipi?
Darasa likanyamaza, na mvua haikuwepo.
Nikasema, andika lile analosema mama yako.
Akaandika, akalifunika kwa kiganja.
Sikusahihisha.

Desemba mitihani.
Januari nirudie ya zamani, polepole,
mpaka waliofukuzwa kwa karo warudi na risiti,
wasikute tumewaacha ukurasa hata mmoja.
Februari naiacha nyeupe.
Aliyekuwepo haulizi.

Machi, mashairi.
Wayatunge kwanza kwa Mashi, au kwa lugha yoyote ya kugombezwa nyumbani,
kisha Kiswahili,
Kiingereza kiingie mwisho,
kivue viatu mlangoni.
(Prefe hatapenda mstari huu. Nimeuandika kwa penseli.)

Aprili ni fupi, ina Pasaka na matope.

Mei. Kitabu chetu kinaishia ukurasa wa mia mbili na tatu.
Kurasa kumi na moja za mwisho
zilifungia watu karanga kabla sijakinunua.
Kwa hiyo mwisho ni wa wanafunzi, miisho hamsini na miwili,
naibeba nyumbani ndani ya mfuko wa mchele
na kuisoma mpaka macho yaniwashe.
Mwaka jana Ntakwinja alimfikisha yule msichana kituoni.
Treni haikuja.
Msichana akafagia theluji kwa mguu, akawasha moto,
akachoma mihogo (sikuuliza aliitoa wapi),
akawaita wote waliokuwa wakingoja.

Juzi rafiki alinipigia kutoka Kigali:
nimekiona kile kitabu chako, kizima,
nikupigie picha zile kurasa za mwisho?
Nikamwambia mtandao unakatika, sikusikii,
na nilikuwa namsikia vizuri sana.

Juni. Somo:
betri asilimia tatu.
Lengo: